Tulitumwa kuhubiri, mbona tunalisha na kufua?

Swali: Bwana Yesu asifiwe, Mama Mchungaji. Mimi na mume wangu ni Walutheri wa Lushoto. Kanisa letu limetutuma Bielefeld, Ujerumani, kwa mwaka mmoja, na tulifika Septemba. Mume wangu ni mwinjilisti. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya Jumapili na kiongozi wa kwaya. Siku za kazi tuko kwenye nyumba ya watu wenye ulemavu, Jumapili tunahudumu usharikani. Lakini kazi yenyewe ni kulisha, kuogesha na kubadilisha mashuka. Kanisani wanakuja watu kama ishirini, wengi wazee, na ibada ikiisha kila mmoja anashika njia yake. Hakuna aliyetutembelea hata siku moja. Lugha inatushinda. Saa kumi na nusu jioni giza limeshaingia. Nyumbani wanauliza wameokoka wangapi, na ndugu wanaomba hela. Sasa tumeanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Je, tuombe kurudishwa mapema?

Jibu: Amina, mwanangu, asifiwe milele. Poleni na baridi, na hongereni kwa kuuliza mapema. Wengine hunyamaza mpaka Januari, na wanapoandika mabegi yameshafungwa.

Swali la kurudi nitalijibu mwisho, maana jibu lake linategemea haya mengine. Nianze na lile lililo chini ya yote uliyoandika: mnajiona hamna kazi. Kwenu Lushoto mlikuwa watu wa kutegemewa. Mume wako akisimama, watu wanafungua Biblia. Wewe ukianzisha wimbo, kwaya inafuata. Mkaagwa kanisani, mkaombewa, pengine mnada ukapigwa kuchangia nauli. Halafu mmefika mahali ambapo kununua tiketi ya basi tu mpaka muelekezwe, na mkifungua kinywa maneno ni ya mtoto wa miaka mitatu. Hilo linauma, na linawauma zaidi watumishi wazuri kwa sababu wamezoea kutoa.

Mimi nimekaa miaka mingi katika kazi ya kuwaandaa na kuwapokea watumishi wa muda mfupi, na ninaamini hivi: kazi yenu ya miezi mitatu minne ya kwanza ni kupokelewa. Kufundishwa, kusaidiwa, kula mlichowekewa, kushika mkono wa mtu awavushe. Someni tena Luka 10. Bwana alipowatuma wale sabini aliwakataza kuchukua mfuko, mkoba na viatu, akawaambia wakae katika nyumba ile ile na wale kinachowekwa mbele yao. Aliwatuma wakiwa wahitaji. Mtu aliyekufundisha kupanda basi na kukupa koti la mvua la mwanawe ameshaanza undugu na wewe, na siku utakapokuwa na neno la kumwambia, atakusikiliza kwa masikio ya ndugu.

Ninyi wa Usambara mna ushahidi wa jambo hili nyumbani kwenu. Wamisionari Wajerumani Paul Wohlrab na Ernst Johanssen walipofika Mlalo mwaka 1891, walitumwa na misioni ambayo baadaye, mwaka 1906, ilihamia Bethel, hapo Bielefeld mlipo. Ruhusa ya kukaa, chakula, njia za milimani na lugha yenyewe vilikuwa mikononi mwa Washambaa. Babu na bibi zenu waliwafundisha kusema kabla hawajaweza kuhubiri lolote la kueleweka. Mmisionari mwenzao Karl Roehl naye alianzia huko Usambara, na Biblia yake ya Kiswahili ilitoka mwaka 1937, baada ya miaka mingi ya kuwasikiliza Waafrika waliosaidiana naye. Wageni wale walivumiliwa na wenyeji. Sasa ni zamu yenu kuvumiliwa, na hakuna aibu yoyote ndani yake.

Kuhusu kulisha na kuogesha nina neno refu kidogo, kwa sababu hapa ndipo naona mmeumia kuliko inavyostahili.

Nyumba za Bethel zilianza mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa, watu ambao wakati ule hata Ulaya walifichwa na kuogopwa. Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh alipochukua uongozi mwaka 1872 alipafanya mji mzima wa watu dhaifu, wenye kazi zao, mashamba yao na kanisa lao. Kutoka hapo huduma ikavuka bahari. Wewe unajua Lutindi, kule Korogwe. Palianzishwa mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliookolewa kutoka utumwani, kisha pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, ya kwanza ya aina yake katika nchi yetu. Kwa hiyo mnapomvua soksi mzee asiyeweza kuinama, mko ndani ya urithi ule ule uliowaletea ninyi kanisa. Anayesema kwamba hiyo ni kazi ya kusubiria mpaka kazi ya Injili ianze, aende akasome Mathayo 25 taratibu.

Na kuna faida ambayo wahubiri wenye Kijerumani kizuri hawana. Katika nyumba kama hizo wapo wakazi wasiosema kabisa. Kwao, Kijerumani chako kibovu hakizuii chochote. Wanakujua kwa mkono wako, kwa namna unavyowapandisha kitini, kwa wimbo unaouimba chini kwa chini ukiwachana nywele. Jifunzeni jina la kila mkazi, na mambo matatu kumhusu: anapenda nini, anaogopa nini, nani humtembelea. Andikeni kwenye daftari. Baada ya mwezi mtagundua wafanyakazi wenzenu wanawauliza ninyi kuhusu mkazi fulani.

Ila kazi hii ina mipaka, na ni vizuri niiseme waziwazi. Msimwombee mkazi kwa sauti wala kumwekea mikono bila kumuuliza, na kama hawezi kujibu, mwulizeni kiongozi wa zamu na mchungaji wa nyumba ile. Msimwahidi mtu uponyaji. Familia nyingi hapa zimejeruhiwa na watu waliowaambia kwamba mtoto wao hajapona kwa kukosa imani. Mkiumwa, pigeni simu kazini kabla zamu haijaanza. Ukiumwa zaidi ya siku tatu, sheria inadai cheti cha daktari, na waajiri wengine hukitaka tangu siku ya kwanza. Na jambo linalowaponza watumishi wetu kuliko yote: picha. Msipige picha ya mkazi, wala mtoto wa chekechea ya usharika, mkaiweka kwenye stetasi ya WhatsApp au kuituma kwenye kundi la kwaya. Sheria za hapa za kulinda taarifa za mtu ni kali, zinadai ridhaa, kwa mkazi asiyejiweza kutoka kwa msimamizi wake wa kisheria, na kwa mtoto kutoka kwa wazazi. Kwa nia njema kabisa mtu anaweza kupoteza nafasi yake. Pigeni picha ya theluji, ya kanisa, ya chakula chenu. Heshima ya mtu mnayemwogesha ilindeni hata kama sheria isingekuwepo.

Sasa kanisa la watu ishirini. Tangu mwaka 2022 chini ya nusu ya watu wa Ujerumani ndio washarika wa makanisa mawili makubwa, la Kiinjili na la Kikatoliki, ukiwajumlisha pamoja. Anayetaka kutoka huenda kwenye ofisi ya serikali, katika jimbo lenu ni mahakamani, akasaini, na kuanzia hapo halipi tena kodi ya kanisa, ambayo kwenu huko ni asilimia 9 ya kodi yake ya mapato. Kodi hiyo ndiyo inayolipa mishahara ya wachungaji na gharama nyingine nyingi za kanisa, kwa hiyo sadaka ya Jumapili si kipimo cha lolote. Msihukumu haraka. Hao ishirini wanajua vizuri kwamba zamani walikuwa wengi, na wanaona aibu mbele yenu mnaotoka kwenye makanisa yanayojaa hadi nje. Mkiwaambia mara kwa mara jinsi kwetu ibada zinavyojaa, mtawaumiza zaidi.

Usharika wa huku uko zaidi katika siku za kazi. Jumapili mnaona sehemu ndogo tu. Mwombeni mchungaji ratiba ya juma zima: kuna mafundisho ya kipaimara, chekechea, kundi la wanawake ambalo huko kwenu Westfalia wanaliita Frauenhilfe, mahali pengine ugawaji wa chakula kwa wasio nacho. Chagueni vitu viwili, kila mmoja chake, mkae navyo kila juma bila kukosa. Hapa watu huanza kukuamini wanapoona umerudi.

Mume wako anapuliza tarumbeta? Ukiniambia ndiyo, nusu ya shida yake imekwisha. Tarumbeta tunazopuliza kwenye misiba na sikukuu za kanisa huko Usambara, Kilimanjaro na kwingineko zilitoka kwenye vikundi vya hapa vinavyoitwa Posaunenchor, na mmoja wa watu waliovijenga zaidi, Johannes Kuhlo, alifanya kazi miaka mingi hapo hapo Bethel. Aende Posaunenchor ya karibu, aseme anatoka kwenye kikundi cha tarumbeta Tanzania. Watampa chombo na daftari la nota. Noti ya fa ni fa popote, na mazoezi ni kila juma, jioni ile ile. Baada ya mazoezi huwa wanakaa kidogo wanakunywa kitu na kuongea, na hapo ndipo Kijerumani kinapoingia bila mwalimu. Majira haya ya Adventi hupuliza mitaani, kwenye nyumba za wazee na hospitalini. Ninajua watumishi waliopata marafiki wao wote wa mwaka mzima kwa njia hii.

Wewe mwenyewe, ulizia maandalizi ya Siku ya Maombi ya Dunia, Ijumaa ya kwanza ya Machi. Wanawake wa madhehebu yote huiandaa pamoja, vikao vinaanza mapema mwakani, kila mara kuna nyimbo mpya za nchi fulani za kujifunza, na huwa wanahaha kumpata mtu wa kuwafundisha kuimba bila woga. Kiongozi wa kwaya kutoka Lushoto kwao ni zawadi.

Kuhusu kutembelewa. Mwanangu, hawatakuja. Huku mtu habishi hodi bila miadi, hata kwa dada yake. Wanaona kuja bila taarifa ni kuwasumbua, kwa hiyo kule kutokuja kwao ni adabu. Ninyi ndio mtakaoanza. Chagueni watu wawili tu, mseme siku na saa: Jumapili ya tarehe fulani, saa tisa na nusu mchana, kahawa na keki. Watakuja, na watakuja saa tisa na nusu kamili, kwa hiyo saa tisa na robo muwe mmeshavaa. Wakati wa kuondoka wakisema "lazima mje kwetu", shikeni neno hilo palepale, toeni kalenda, ulizeni ni lini. Hawatachukia hata kidogo. Na baada ya ibada, badala ya kusimama mlangoni mkingoja kusalimiwa, ingieni jikoni kwenye kahawa ya kanisa mkaoshe vikombe. Mtu anayekausha vikombe pamoja nawe hana budi kuzungumza.

Lugha: nendeni darasani, hata kama ni jioni na mmechoka. Karibu kila mji una chuo cha elimu ya watu wazima, Volkshochschule, chenye kozi za bei nafuu. Mwulizeni anayewasimamia kama shirika linalipia, maana mara nyingi hulipia. Zaidi ya hapo nina ushauri mmoja ambao huwa nausisitiza kwa wote. Usharikani mtaombwa mara kwa mara mvae kitenge, mpige ngoma, muimbe Kiswahili. Kubalini baadhi ya mara, ni furaha yao. Lakini mwombeni mchungaji awape pia kusoma somo la Jumapili kwa Kijerumani. Mpewe mapema, mlifanyie mazoezi juma zima na mkazi au jirani anayewasahihisha matamshi, kisha mlisome. Mistari kumi inatosha. Msharika anayewasikia mkisoma Isaya kwa lugha yake ataacha kuwaona kama pambo la sikukuu. Mahubiri yatafuata baadaye, na mume wako ajue kwamba dakika kumi na tano hapa ni mahubiri kamili. Aandike kila neno, apunguze, aandike tena.

Mambo ya ofisi nayapitia haraka, kwa sababu naamini mengi wenyeji wenu wameshayafanya. Hakikisheni mmejiandikisha makazi, sheria inadai ifanyike ndani ya majuma mawili baada ya kuhamia. Kadi ya bima ya afya iko mkononi. Na mnaijua tarehe ya mwisho ya visa au kibali chenu cha kukaa. Miadi ya ofisi ya wageni huchelewa sana, ombeni miezi kabla. Barua zote wekeni kwenye faili. Ikija bahasha ya manjano iliyoandikwa tarehe juu yake na tarishi, msiiache mezani hata usiku mmoja: ni barua rasmi na siku za kujibu zinahesabiwa kuanzia tarehe hiyo. Kama mtadaiwa ada ya redio na televisheni, kumbukeni ni moja kwa nyumba nzima, siyo kwa kila kichwa. Dharura ya ugonjwa au moto ni 112, polisi 110, na daktari wa usiku kwa yasiyo ya kufa ni 116117.

Giza. Mwezi Desemba kwenu jua linachomoza kama saa mbili na nusu asubuhi na kuzama saa kumi na robo jioni, na siku nyingi hamlioni kabisa. Mwili wa mtu aliyezaliwa digrii tano kutoka ikweta haujawahi kuona hali hiyo. Uzito, usingizi, hasira za karibu, kulia bila sababu, sehemu kubwa inatoka huko, na si dalili ya kuishiwa imani. Tokeni nje kila siku wakati kuna mwanga, hata nusu saa, hata kama kuna manyunyu. Mwambieni daktari wenu awaangalie kiwango cha vitamini D. Nunueni viatu vizuri kwanza, koti baadaye. Makoti ya mitumba mazuri yapo kwenye maduka ya hisani, na Bethel wenyewe wana kazi ya nguo za mitumba tangu karne ya 19. Ndani fungueni madirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi asubuhi na jioni halafu mfunge, vinginevyo ukuta utaota ukungu na mwenye nyumba atawadai. Na pikeni ugali. Unga wa mahindi unapatikana kwenye maduka ya Waafrika na ya Waasia.

Mnagombana. Nilitarajia. Nyumbani ukiwa na jambo unamwambia dada, wifi, jirani, mama wa kikundi chako cha maombi, na mume wako anapata lile lililobaki. Sasa yote yanamwangukia mtu mmoja, ndani ya vyumba viwili, na yeye naye ana yake. Hakuna ndoa iliyojengwa kubeba hivyo. Kwa hiyo kila mmoja awe na angalau mtu mmoja wake wa kuongea naye, tofauti na mwenzake: kwako mwanamke, kwake mwanamume. Mmoja anaweza kuwa Mtanzania. Katika miji ya karibu wapo, na baadhi yao hukutana kwa ibada za Kiswahili. Nendeni mara moja kwa mwezi, mlie na kucheka kwa lugha yenu, ila msifanye pakawa pa kukimbilia kila Jumapili. Na muwe na siku moja ya mapumziko kila juma ambayo hakuna usharika wala zamu. Mkristo anayejivunia kwamba hapumziki ninamhofia.

Kuna moja ambalo hukuliandika, nami najua limeshatokea au litatokea. Mtaangaliwa kwenye basi. Mtu atawagusa nywele. Mkazi mzee mwenye kusahausahau anaweza kuwaita neno baya alilolisikia utotoni, au kukataa mkono wenu usimguse. Mvumilieni mgonjwa, lakini msinyamaze. Mwambieni kiongozi wa zamu siku hiyo hiyo, muombe mwenzenu achukue nafasi, na iandikwe. Akifanya hivyo mfanyakazi mwenzenu mwenye akili timamu, hilo ni la mkuu wa nyumba, na mna haki ya kulipeleka. Kusamehe hakuzuii kutoa taarifa. Wengine watakuja kwa njia tofauti, watawauliza kuhusu ukoloni, hasa tangu Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alipoomba msamaha Songea tarehe 1 Novemba 2023 kwa yaliyotendwa katika Vita vya Majimaji. Semeni ukweli mnaoujua, pamoja na ule usiopendeza kwamba misioni iliyowaletea Injili ilianzishwa Berlin mwaka 1886 karibu sana na watu wa mradi wa ukoloni. Mkiweza kuyasema hayo mezani bila chuki na bila kuyapunguza, mtakuwa mmefanya kazi ambayo wachungaji wengi hawaiwezi.

Hela. Posho yenu ni ndogo na ndugu hawaamini hivyo, hasa wakiona picha za magari yanayopita nyuma yenu. Kaeni wawili, mkubaliane kiasi kimoja kwa mwezi, hata kiwe kidogo namna gani, na mtu mmoja kila upande atakayekipokea na kukigawa. Kisha mwandikieni mkuu wa ukoo barua ya heshima, mkieleza kwamba mmetumwa na kanisa, hamkuja kuajiriwa, na hicho ndicho mtakachoweza. Maombi yakizidi, waelekezeni kwa yule mpokeaji. Msikope huku ili kutuma huko.

Na wanaouliza wameokoka wangapi. Msitunge namba, na msiandike taarifa ya kujilaumu. Waandikieni wanachoweza kukiombea. Kwamba kuna mkazi ambaye miezi miwili aligeukia ukutani na sasa anageuza uso mkiingia. Bila jina lake. Kwamba mwinjilisti wao anapuliza tarumbeta na Wajerumani. Kwamba usharika wa watu ishirini unawalipia maskini chakula kila juma, nanyi mmebeba masanduku. Waambieni pia kwamba ni vigumu. Washarika wa Lushoto wanajua kuomba kwa ajili ya jambo gumu, wapeni nafasi. Mnaweza kuwakumbusha habari ya Josiah Kibira wa Bukoba, ambaye alikuja kusoma theolojia hapo Bethel akiwa mgeni kama ninyi, na mwaka 1977 mkutano wa Dar es Salaam ukamchagua kuwa rais wa Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, Mwafrika wa kwanza. Miaka yake ya kukaa darasani akiwasikiliza wengine haikupotea.

Haya, kurudi. Yapo mambo ambayo yakiwapo msingoje: mtu ameshika pasipoti zenu, mnafanyishwa saa nyingi kuliko mlizosaini, kuna aliyewadhalilisha na uongozi ukafunika, au mmoja wenu anaumwa mwili au moyo kiasi kwamba hapati usingizi wala hali chakula. Hapo semeni mara moja, kwanza kwa msimamizi, asiposikia kwa ofisi ya misioni iliyowapokea, na wakati huo huo kwa dayosisi. Hakuna atakayewahesabu kuwa walioshindwa.

Katika barua yako sijaona lolote kati ya hayo. Nimeona watu wawili waliochoka, wapweke, walio gizani mwezi Novemba. Kwa hiyo ninawaomba msiamue sasa. Wekeni tarehe: Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka. Saa zitakuwa zimesogezwa mbele, jioni kutakuwa na mwanga, Kijerumani kitakuwa kimefika mahali pa kuulizia na kujibu, nanyi mtakuwa mmeshapanda mizizi katika vitu vile viwili mlivyochagua. Kaeni siku hiyo, kila mmoja aandike yake peke yake kwenye karatasi, kisha mbadilishane. Mkiona wote wawili mmeandika kurudi, niandikieni, nitawasaidia kuzungumza na dayosisi ili mrudi kwa heshima.

Mara nyingi ifikapo Juni swali hugeuka: tufanyeje tubaki? Kama litawajia, lisemeni mapema na kwa uwazi kwa pande zote mbili, wenyeji na dayosisi. Njia halali zipo, kama mafunzo ya uuguzi ambayo vituo vingi hapa vinatafuta watu, lakini huombwa kwa taratibu zake. Msiache visa ikaisha mkajificha. Vijana wanaofuata nyuma yenu kutoka Usambara wataombewa visa kwenye ubalozi ule ule wa Dar es Salaam, na watapimwa kwa jinsi ninyi mlivyorudi.